Mtoto wa Miaka Mitatu, Mkuu wa Kaya

Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, anaishi Osaka na mume wake Mjapani na binti yao mmoja. Siku moja alinitumia picha ya karatasi kwa WhatsApp, ikafuatiwa na sauti fupi: "Hebu nitafute humu, mdogo wangu. Ukiniona, niambie niko wapi."

Ilikuwa nakala ya daftari la familia, lile Wajapani wanaloliita koseki. Mistari ya maandishi yao kutoka juu hadi chini, na muhuri wa manispaa. Nisingeweza kusoma hata herufi moja, kwa hiyo tukapigiana video, akawa ananionyesha kwa ncha ya kalamu. Juu kabisa jina la shemeji, ndiye aliyefunguliwa daftari. Chini yake jina la mtoto. Basi, watu wawili.

Dada yangu yumo, ila si kama mtu wa daftari. Yumo ndani ya taarifa za mumewe, kwenye mstari wa ndoa: jina la mwenza, uraia wa mwenza, tarehe ya kuzaliwa ya mwenza. Yumo tena kwenye taarifa za mtoto, mahali panapoandikwa mama. Raia wa kigeni hapewi nafasi yake kwenye koseki. Anatajwa tu.

"Nimebeba mimba, nimezaa, nimenyonyesha, halafu mimi ni maelezo," akasema, akacheka kile kicheko chake. Karatasi aliihitaji kwa ajili ya pasipoti ya mtoto. Aliipata, akaenda zake kazini.

Mimi ndiye niliyebaki nayo kichwani.

Jina la babu

Kuna kichekesho katika hadithi ya dada yangu. Kwa kuwa ni mgeni, ameruhusiwa kubaki na jina la ukoo wetu. Wanawake anaofanya nao kazi, Wajapani kwa Wajapani, hawakuwa na ruhusa hiyo. Kifungu cha 750 cha Sheria ya Madai ya Japani kinasema wanandoa watatumia jina moja la ukoo, la mume au la mke, kama watakavyokubaliana wakati wa kufunga ndoa. Wasipokubaliana, ndoa haiandikishwi. Kifungu hicho hakitumiki Mjapani anapooana na mgeni.

Kwa hiyo wenzake humwambia ana bahati. Wao wamebadilisha pasipoti, leseni, kadi za benki, hadi ule muhuri mdogo wa jina wanaogongea nyaraka.

Soma kifungu kile tena. "La mume au la mke." Hakuna upendeleo wowote kwenye maandishi. Na bado, katika kila ndoa 100, takribani 95 anayeacha jina ni mwanamke.

Hapo ndipo roho yangu ilipokataa kutulia, kwa sababu kwa miaka mingi nimekuwa upande wa wale wanaosema rekebisha sheria kwanza, mengine yatafuata. Japani walirekebisha mwaka 1947. Walifuta mkuu wa nyumba, walifuta sharti la mke kuomba idhini ya mume kwenye mikataba, wakaandika usawa kwenye Kifungu cha 24 cha Katiba. Rasimu yake ya kwanza iliandikwa na Beate Sirota, msichana wa miaka 22 aliyekulia Tokyo na kurudi na jeshi la Marekani kama mtumishi wa kiraia. Karatasi ilinyooka. Miaka zaidi ya 75 baadaye, jina bado linaachwa upande ule ule.

Mwezi Desemba 2015 wanawake kadhaa na mwanamume mmoja walifika Mahakama ya Juu kulalamikia kifungu hicho. Mmoja wao alikuwa mwalimu mstaafu wa Toyama, mwenye miaka 80, aliyetaka tu kuzikwa na jina lake. Majaji 10 kati ya 15 walisema kifungu hakivunji Katiba, kwa kuwa sheria yenyewe haimlazimishi mwanamke. Wanandoa ndio wanaochagua.

Benchi lile lilikuwa na majaji wanawake watatu, na wote watatu walisema kinavunja. Jaji Okabe Kiyoko aliandika, kwa maneno yangu, kwamba huwezi kuita hiari uamuzi unaofanywa na karibu kila mwanamke chini ya shinikizo la jamii na uwezo mdogo wa kiuchumi. Nimerudia hoja hiyo mara nyingi. Mahakama iliona mlango ulio wazi kwa wote. Okabe aliuliza kwa nini ni watu wa aina moja tu wanaotoka.

Mwaka 2021 kesi ilirudi, matokeo yakawa yale yale. Mwaka 2024 hata Keidanren, jumuiya ya waajiri wakubwa isiyojulikana kwa uanaharakati, iliitaka serikali iruhusu kila mwenza abaki na jina lake, maana mikataba na safari za wafanyakazi wao zinakwama. Bunge lilijadili miswada mwaka 2025. Haikupita.

Mila ya tangu lini?

Hoja kubwa ya wanaopinga ni ile ile tunayoijua hata huku kwetu: hii ni mila yetu, msituvurugie familia.

Basi nikaifuata mila hadi ilikozaliwa.

Kabla ya enzi ya Meiji, iliyoanza mwaka 1868, Wajapani wengi wa kawaida hawakutumia jina la ukoo kirasmi. Serikali iliwalazimisha wote kuwa nalo mwaka 1875. Mwaka uliofuata, 1876, swali likajitokeza: mwanamke akiolewa atumie jina gani? Baraza Kuu la Serikali likajibu kwamba atumie la kwao alikozaliwa. La kwao! Ni Sheria ya Madai ya mwaka 1898 iliyomwingiza mke kwenye nyumba ya mume na kumpa jina la nyumba hiyo, tena ikiwa imeandikwa na wanasheria waliokuwa na vitabu vya Wajerumani na Wafaransa mezani.

Kwa hiyo mila inayotetewa imeanza mwaka 1898. Bibi yangu mzaa bibi alikuwa ameshazaliwa.

Nilitaka kuishia hapo, nimeshinda hoja, niende nikalale. Lakini kuna bibi mwingine, wa upande wa mama, wa Tanga. Huyu aliolewa mara mbili na akafa na jina la baba yake, kama wanawake wengi wa pwani. Hakuna aliyewahi kumwita kwa jina la mume. Je, alikuwa na sauti zaidi nyumbani kuliko mwanamke wa Osaka? Hapana. Nyumba aliyoishi miaka 40 iliuzwa na shemeji zake siku chache baada ya arobaini ya marehemu, naye akarudi kwa kaka yake na sanduku moja.

Jina peke yake halisemi kitu. Ilibidi nivuke bahari kwenda Korea ndipo nielewe kwa nini.

Mkuu wa kaya ananyonya

Mwanamke wa Korea akiolewa habadili jina, na hakuwahi kubadili. Watu wa mbali husikia hivyo wakadhani ni usawa. Kihistoria sababu ilikuwa kinyume: jina ni la damu ya baba, na mke si damu ya ukoo wa mume. Anaingia nyumbani, anazaa watoto wa ukoo ule, na yeye anabaki na alama ya alikotoka.

Halafu kulikuwa na hoju, mkuu wa kaya. Sheria ya Madai ya Korea Kusini ilipitishwa mwaka 1958, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 1960. Kila raia alikuwa chini ya mkuu wa kaya kwenye rejista. Binti alikuwa chini ya baba. Akiolewa, anafutwa kule na kuandikwa chini ya mume, au chini ya baba mkwe. Mume akifa, ukuu unarithiwa kwa foleni: kwanza mtoto wa kiume, kisha binti ambaye hajaolewa, kisha mke, kisha mama wa marehemu, kisha mke wa mwana.

Pitia foleni hiyo polepole. Baba amekufa. Ameacha mama yake mzazi, mkewe, binti aliye chuo kikuu, na mvulana wa miaka mitatu. Mkuu wa kaya ni yule wa miaka mitatu. Anakojoa kitandani, na kwenye rejista ya taifa bibi yake yuko chini yake.

Nimeona watetezi wakisema kwamba hilo lilikuwa la kwenye makaratasi tu, halina madhara. Muulize mama aliyeachika. Mahakama ingeweza kumpa yeye malezi ya mtoto, lakini mtoto alibaki kwenye rejista ya baba. Akienda kuandikisha makazi, uhusiano wake na mtoto aliyemzaa uliandikwa kama ule wa mtu na mpangaji mwenzake: wanaoishi pamoja. Karatasi hiyo ndiyo iliyopelekwa shuleni, na kila mwalimu aliyeipokea alijua.

(Karani wa sensa alipobisha hodi kwetu mwaka 2022 akauliza mkuu wa kaya ni nani, mke wangu alinitazama nami nikamtazama. Karani alishaanza kuandika jina langu. Lakini siku ile ilipita, na rejista haikunifuata shuleni kwa mwanangu. Tofauti ni hiyo.)

Zawadi ya mkoloni

Waliopigana kuilinda hoju walikuwa wazee wa Kikonfusio, wafuasi wa mafundisho ya kale ya Konfusio, wenye kofia nyeusi za manyoya ya farasi na makoti meupe, wakiandamana Seoul kutetea asili ya Wakorea. Nawaheshimu wazee. Lakini asili hiyo ina tarehe na ina mwenyewe.

Enzi ya Joseon, ufalme wa Korea wa kabla ya Wajapani, ilikuwa na orodha za kaya, ndiyo, kwa ajili ya kodi na kazi za lazima. Mfumo wa nyumba ya kisheria yenye mkuu mwenye mamlaka juu ya wengine, unaorithishwa kama cheo, uliletwa na utawala wa Kijapani na kukazwa kwa kanuni za rejista za miaka ya 1909 na 1922. Ni nakala ya ile Sheria ya 1898. Wajapani wenyewe waliutupa mwaka 1947. Wakorea, walioteswa chini yake, wakauandika upya mwaka 1958 na kuuita urithi wa mababu, wakaushikilia karibu miaka 60 zaidi ya mkoloni aliyeuleta.

Mtu niliyemfikiria sana katika hadithi hii ni Lee Tai-young. Alizaliwa mwaka 1914 sehemu ambayo leo ni Korea Kaskazini. Alishona nguo kulisha watoto wakati mumewe, mpinzani wa Wajapani, akiwa gerezani. Baadaye akawa mwanamke wa kwanza kuingia kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Taifa cha Seoul, na mwaka 1952 wa kwanza kufaulu mtihani wa uwakili. Alitakiwa awe jaji. Rais Rhee Syngman akakataa, kwa kuwa mume alikuwa mbunge wa upinzani. Yaani hata hapo alihesabiwa chini ya mumewe. Mwaka 1956 akafungua kituo cha kuwasaidia wanawake masuala ya ndoa na mirathi, akaanza kuandika maombi ya kurekebisha sheria ya familia.

Mwaka 1977 ikarekebishwa kidogo. Mwaka 1989 ikarekebishwa zaidi. Mabinti wakapata fungu sawa la mirathi. Hoju ikabaki. Mwaka 1997 Mahakama ya Katiba ikaangusha marufuku ya kuoana watu wenye jina moja na asili moja ya ukoo, yaani mahali alikotoka babu wa kwanza, marufuku iliyowagusa mamilioni, kwa kuwa wanaoitwa Kim wa Gimhae pekee ni wengi kuliko watu wa nchi kadhaa. Hoju ikabaki. Lee alifariki Desemba 1998.

Hukumu ilikuja tarehe 3 Februari 2005. Mahakama ya Katiba haikukataa kwamba mila ni kitu cha thamani. Katiba yao yenyewe inaitaja. Ilisema mila inayolindwa na Katiba haiwezi kuwa ile inayokanyaga utu wa mtu na usawa wa jinsia ndani ya familia, na kwamba kitu hakiwi halali kwa sababu tu kimekaa muda mrefu. Kabla ya hukumu, Mahakama ilimsikiliza hata mwanabiolojia, Choe Jae-chun, aliyeeleza kwamba ukifuata mitokondria, vile viungo vidogo ndani ya seli vyenye vinasaba vyake, ukoo unapitia kwa mama peke yake. Natamani ningekuwepo nione nyuso za wale wazee.

Bunge lilifuta hoju mwezi uliofuata. Tangu tarehe 1 Januari 2008, kila Mkorea ana rekodi yake mwenyewe, na jamaa zake ndio wanaotajwa ndani yake. Hakuna wa juu wala wa chini.

Shamba la ukoo

Mwaka ule ule, 2005, mwezi Julai, Mahakama ya Juu ya Korea ilitoa hukumu nyingine ambayo ilinifanya nisimamishe chai mdomoni. Tawi la ukoo wa Yi wa Yongin lilikuwa na ardhi ya ukoo. Seoul ilipopanuka, ardhi ikapanda bei, ikauzwa kwa mabilioni. Wanaume wazima wakagawiwa. Mabinti walioolewa waliachwa kando au wakapewa kidogo cha kuwanyamazisha, kwa hoja kwamba mwanachama wa ukoo ni mwanamume mtu mzima. Wanawake watano wakashitaki ukoo wao. Wakashindwa, wakakata rufaa, wakashindwa tena, wakaenda juu. Mahakama ikasema mtu yeyote mzima anayetokana na babu huyo, wa kiume au wa kike, ni mwanachama.

Nikamkumbuka Holaria Pastory wa Kagera.

Aliachiwa shamba la ukoo na baba yake kwa wosia, akaliuza kwa mtu wa nje. Mpwa wake, Bernardo Ephrahim, akaenda mahakamani: kwa mila ya Wahaya mwanamke anaruhusiwa kulitumia shamba la ukoo, haruhusiwi kuliuza. Mwaka 1990, Mahakama Kuu Mwanza, Jaji Mwalusanya akasema kanuni hiyo ni ya kibaguzi, mwanamke ana haki ya kuuza sawa na mwanamume. Miaka 15 kabla ya Yongin.

Na ile mila ya Wahaya ilikuwa imeandikwa wapi? Kwenye Tangazo la Serikali la mwaka 1963, miaka miwili baada ya Uhuru, kwa mtindo ule ule wa Seoul mwaka 1958: maofisa walikusanya mila, wakazinyoosha, wakazipiga chapa. Kabla ya chapa, mila ilikuwa na mashangazi wa kubishana nayo. Shangazi angesema, "Lakini kwa fulani tulifanya vingine," na kikao kingesikiliza. Baada ya chapa, ilibaki na mawakili.

China, kwa kifupi

Watu wataniuliza mbona China sijaigusa. China ilianza na karatasi safi kuliko wote. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1950 ilipiga marufuku ndoa za kulazimishwa na masuria, kila mmoja akabaki na jina lake, hakuna mkuu wa kaya kwenye ndoa. Ugomvi ulihamia kwenye nyumba. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Watu ilielekeza kwamba nyumba ambayo mzazi amemnunulia mwanawe na kuiandika kwa jina la mwana ni ya huyo mwana peke yake ndoa ikivunjika. Maneno hayachagui jinsia. Ila ni wazazi wa nani wanaotegemewa kununua nyumba kule, na inaandikwa kwa jina la nani? Tumerudi kwa Okabe.

Mwaka 2021, chini ya Sheria mpya ya Madai, mahakama ya Fangshan, Beijing, ilimwamuru mume amlipe mkewe yuan 50,000 kama fidia ya kazi za nyumbani za miaka yote ya ndoa. Mtandaoni watu waliwaka: wengine wakiona ni nyingi, wengi wakipiga hesabu na kuona haifiki mshahara wa msaidizi wa ndani wa mwaka mmoja. Sisi mjadala huo tuliufanya mwaka 1983. Katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Nyalali ilikubali kwamba kupika, kulea na kutunza nyumba ni mchango katika mali ya ndoa. Wanasheria wetu huinukuu kwa fahari. Wachache huendelea hadi mwisho, ambapo Bi Hawa hakupata hata senti, kwa maelezo kwamba alitapanya fedha ambazo mume alimpa. Kanuni ikabaki na jina lake, mali ikabaki kwa Ally Sefu.

Kisanduku

Nimejiuliza kama niendelee kuamini karatasi. Japani inaniambia karatasi ya haki inaweza kukaa kimya miaka 75 huku mambo yakiendelea. Korea inaniambia karatasi mbaya ikiondolewa, kuna mama mahali fulani ambaye kesho yake haitwi tena mpangaji mwenza wa mwanawe. Nikilazimishwa kuchagua, nipo na Korea. Mwaka 2023 Mahakama yao ya Juu ilifika hadi kwenye matambiko: mwanamume alifariki akaacha mabinti wawili wa ndoa na mvulana mdogo wa nje ya ndoa, na swali likawa nani ana haki juu ya mabaki yake. Mwaka 2008 mahakama hiyo hiyo ilikuwa imesema mtoto wa kiume. Safari hii ikasema jamaa wasipoafikiana, ni mtoto mkubwa, bila kujali jinsia. Dada mkubwa atangulie mbele ya madhabahu ya babu. Lee Tai-young angekaa chini.

Lakini fomu ya kuandikisha ndoa ya Korea ya leo, ile iliyokuja baada ya hoju kufutwa, ina swali moja kuhusu watoto ambao hawajazaliwa. Je, mmekubaliana kwamba watoto watumie jina la ukoo na asili ya mama? Ndiyo, hapana. Mkiweka alama kwenye ndiyo, mnaambatanisha makubaliano ya maandishi. Na mnatakiwa kuamua siku hiyo hiyo ya kuandikisha. Mkibadili mawazo baadaye, mnaenda mahakamani.

Jina la baba halina kisanduku. Halina kiambatisho. Wanandoa wanaoacha swali hilo wazi, au wasiolisoma kabisa kwa sababu nje kuna foleni na picha za harusi zinasubiri, wameshajibu.